Rifainari ya Changamwe: mmeuliza, nawajibu

Changamwe itawashwa lini tena ili petroli ishuke bei?
Kila bei mpya zikitangazwa tarehe 14 ya mwezi naletewa swali hili hili, nimechoka nalo, lakini haya. Mitambo hiyo ya kusafisha mafuta ghafi, pale Mombasa, iliacha kusafisha Septemba 2013, na hata ilipokuwa ikifanya kazi haikutushushia bei, maana ni ya zamani, inachemsha na kutenganisha tu, haina sehemu ya kuvunja mafuta mazito yawe petroli na dizeli, kwa hiyo unatia ghafi ya Abu Dhabi ya bei ghali halafu fungu kubwa linatoka mafuta mazito ya boila na meli, ambayo huuzwa rahisi kuliko hiyo ghafi yenyewe. Hasara alilipa nani? Wewe, pale pampuni, sababu makampuni yalilazimishwa kisheria kupitisha mafuta hapo. Essar, kampuni ya Kihindi, walinunua nusu ya hisa 2009, wakapiga hesabu ya ukarabati ikapita dola bilioni moja, wakajitoa, serikali ikachukua hisa zao 2016 kwa dola milioni 5. Mwanasiasa akikuahidi kufufua vyuma vile, muulize hiyo bilioni inatoka wapi kabla hujampigia makofi.

Nani aliijenga?
Shell na BP. Kampuni iliundwa 1960, kazi ikaanza 1963, serikali ikaingia na nusu 1971. Jamani, mambo mengine tafuteni wenyewe.

Kama imefungwa, yale matangi yana nini?
Mafuta! Kenya Pipeline, kampuni ya mabomba ya mafuta, wanahifadhi humo. Msipachukulie kama gofu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini bila kuuona mpaka ukute jiko la mtu mbali huko, na moto unarudi nao ulikotoka. Na lori likipinduka msikimbilie na ndoo, nawaomba sana, Msamvu pale Morogoro Agosti 2019 walikufa watu zaidi ya 100 wakichota.

Mbona mafuta yaliyochimbwa Turkana hayakusafishwa hapo?
Malori yalianza kuyaleta Mombasa 2018, mitambo ishalala miaka mitano. Halafu yana nta, yakipoa yanaganda kama samli, ndio maana yalisafirishwa na kuwekwa yakiwa na joto, hadi Agosti 2019 meli ikabeba kama mapipa 240,000 kwenda kuuzwa nje. Bomba la kuyaleta pwani nalo litabidi lipashwe moto njia nzima, gharama ambayo wenye kupiga debe hawaisemi.

Na TIPER, ile rifainari ya Kigamboni, Dar es Salaam, bado inasafisha?
Hapana. Siku hizi ni matangi ya kuhifadhia tu.