Tintin huko Kongo: mbona bado inauzwa?

SWALI: Mhariri shikamoo, kijana wangu kaja na katuni ya Tintin huko Kongo, watu weusi wamechorwa midomo mikubwa kama vikaragosi, hivi kwa nini haijapigwa marufuku? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Marahaba. Walijaribu bwana, Mkongo mmoja anayeishi Ubelgiji alifungua kesi Brussels 2007, mahakama ikaja kuitupa 2012, eti hakukuwa na nia ya kubagua. Mchoraji wake Mbelgiji, Hergé, alianza kuichora 1930 kwa gazeti la Kikatoliki na Kongo yenyewe hakuwa amekanyaga, alikuwa anachungulia vitu vya makumbusho ya Tervuren hukohuko Ubelgiji basi. Toleo la kwanza Tintin anaingia darasani anawaambia watoto weusi leo nawafundisha nchi yenu, Ubelgiji! 1946 ikachorwa upya kwa rangi, somo likageuzwa hesabu, mbili jumlisha mbili, ila midomo ikabaki ileile. Kuna na mnyama kifaru alilipuliwa kwa baruti, wachapishaji wa Skandinavia wakalalamika ukurasa ukabadilishwa, yaani kifaru kapata watetezi sisi tunaambiwa tuvumilie. Na Kinshasa mafundi wanachonga Tintin wa mbao wanawauzia wageni, biashara ni biashara. Kijana mwachie asome, ila akifika kwenye ile hesabu mwambie mwanzo paliandikwa nini.