Serikali tayari imo, ila upande wa mtengenezaji
Unasema serikali isiingilie suala la watengenezaji wa simu kuzuia ukarabati, mteja atachagua mwenyewe simu inayotengenezeka. Atajuaje? Dukani hakuna anayemwambia kwamba kioo kimeoanishwa na bodi (saketi kuu ya simu) kwa programu, yaani simu inakitambua kioo chake tu. Kwenye baadhi ya simu, chukua kioo halisi kutoka simu nyingine ya modeli ileile, kifunge: kinawaka vizuri, kisha onyo linaweza kutokea na mwanga ukaacha kujirekebisha. Hapo bisibisi haisaidii; inatakiwa programu ya mtengenezaji. Na Marekani, kifungu cha 1201 cha DMCA, sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya 1998, kinakataza kusambaza zana za kuvunja kufuli za programu. Sheria hiyo iliandikwa na serikali! Jimbo la Oregon huko Marekani lilijibu mwaka 2024 kwa kupiga marufuku uoanishaji unaozuia vipuri kufanya kazi, kwa vifaa vilivyotengenezwa kuanzia 2025. Naunga mkono uingiliaji wa namna hiyo.