Nilianzisha kundi kwa sababu usiku sikuwa na wa kumuuliza

Wakuu, habari zenu. Mdau hapo juu, anayetaka kuanzisha kundi la wafugaji wa kuku, ameuliza: sisi tulioanzisha makundi ya WhatsApp, nini kilitusukuma, na je, kuna hela? Mimi hela sikuifikiria kabisa.

Mwanangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi mnauita sikoseli. Ilianza akiwa na miezi minane: vidole vya mikono na miguu vikavimba, ukimgusa tu analia. Jirani akasema kapigwa jicho. Tukatibiwa malaria mara tatu ndipo damu yake ikapimwa selimundu. Nikaelezwa haraka haraka kwamba mimi na baba yake sote tumebeba vinasaba vya ugonjwa huu, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuzaliwa nao. Nikapewa foliki asidi na penisilini, nikarudi nyumbani.

Kilichonitesa ni usiku. Saa tisa, kibaridi kimeingia, mtoto anajikunja kwa maumivu, baba yake yuko safarini. Nimpe maji na dawa ya maumivu nisubiri, au nitafute bodaboda sasa hivi? Ndugu zangu wananipenda sana, ila hawajui. Nilimtaka mtu mmoja tu, aliye macho na anayejua.

Kliniki tulikuwa tunakaa benchi lile lile, akina mama wale wale. Siku moja nikapitisha daftari wakaandika namba. Tulikuwa saba. Wiki ya kwanza kundi halikuwa hata na jina. Usiku wa tatu dada mmoja akaandika, "Kuna aliye macho?" Tukajibu wanne. Nililia, wakuu.

Mama mmoja mwenye watoto wawili wagonjwa alitutumia sauti ya dakika mbili: ukimaliza kumwogesha, mlaze chali, pitisha vidole taratibu chini ya mbavu za kushoto, uzoee bandama lake likoje. Likikua ghafla na mtoto amepauka, usingoje kukuche. Manesi walishatufundisha, lakini foleni ile, nani anashika? Miezi kadhaa baadaye vidole vyangu vilikuta kitu kigumu pale ambapo jana hakikuwepo, na viganja vyake vyeupe. Tulifika hospitali, akaongezewa damu. Sasa yuko darasa la pili.

Baadaye nikasoma kwamba hapa Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Nikawaza mama zao wote usiku. Ndipo nikataka kundi liwe kubwa: nembo, kamati, michango, ratiba ya mada. Tukafika watu zaidi ya 200, wakaingia na wauza dawa za "kumaliza kabisa" ugonjwa. Hao niliwatoa bila huruma, kuna mzazi angeacha dawa za hospitali kwa ajili yao. Ila kilichoniuma zaidi ni kwamba usiku kukawa kimya. Watu waliona aibu kuandika shida zao chini ya nembo. Nikafuta ratiba, nikagawa kundi kwa siku za kliniki, watu wanaofahamiana kwa sura. Maswali ya usiku yakarudi.

Mkuu, umeandika unataka kuanzisha kundi la wafugaji wa kuku kwa sababu "watu wengi wanahitaji". Nakuuliza kwa nia njema: wewe mwenyewe, kuku wako wakianza kuzubaa usiku wa leo, unatamani kumuuliza nani?