Maswali ya Wasomaji: Ndege wa Madagaska Pekee

SWALI: Mhariri, je, ni kweli kwamba Madagaska ina familia nzima ya ndege waimbaji wa msituni wasiopatikana kwingineko?

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli. Familia hiyo, Bernieridae, ina spishi 11, ambazo kwa miaka mingi wataalamu walizigawa baina ya shore na familia nyingine, kwa kuwa midomo na maumbo yake hutofautiana mno, hadi uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2001 ulipobainisha kwamba zote ni za ukoo mmoja. Jina la familia likarasimishwa mwaka 2010. Ugunduzi huo, kwa maoni yangu, unastaajabisha kweli. Ndege hawa hula wadudu, mara nyingi wakiandamana na ndege wa spishi nyingine, na ufyekaji wa misitu unawatishia mno.