Modeli yangu ya saratani ya mlango wa kizazi inapatia asilimia 96, niiweke kwenye simu za watu?

SWALI: Habari kaka. Niko mwaka wa mwisho chuo hapa Dar, projekti yangu ni kutabiri hatari ya saratani ya mlango wa kizazi. Nimechukua ile data ya wagonjwa 858 wa hospitali moja ya Caracas, Venezuela, nikajaza mapengo (majibu yaliyokosekana), nikasawazisha kwa SMOTE (njia ya kutengeneza wagonjwa wa bandia kutokana na wale halisi wachache), halafu nikagawa ya kufundishia modeli na ya kuipimia. Inapatia asilimia 96. Nataka niitengenezee apu wadada wa Temeke na Mbagala wajipime wenyewe, nianzie wapi?

JIBU: Salama mdogo wangu, na hongera, maana hii ndo saratani inayoongoza kwa wanawake hapa kwetu. Ila apu subiri kwanza.

Kwenye ile data waliotoka chanya kwenye biopsi (kukata kinyama na kukipima maabara) ni 55 tu. Sasa andika programu ya mstari mmoja inayomwambia kila mwanamke "uko salama", itapatia karibu asilimia 94 na haijamkamata mgonjwa hata mmoja! Ukitenga asilimia 20 ya kupimia kutoka data halisi, kabla ya SMOTE, unapata watu kama 172, wenye tatizo humo ni 11 hivi, na asilimia 96 hapo ingekuwa na maana umekosea watu 7, na hao 7 wote wanaweza kuwa wanatoka kwenye wale 11. Mimi nataka namba moja tu: kati ya 11 umewakamata wangapi?

Halafu hata hiyo 96 yenyewe siiamini, kwa sababu umefanya SMOTE kabla ya kugawa, kwa hiyo wale wagonjwa wa kutengeneza wametokana na watu walewale unaokuja kuwapimia, ni mwanafunzi aliyeuona mtihani jana yake. Gawa kwanza, SMOTE ifanye kwenye ya kufundishia peke yake. Na cheki kama umeziacha safu za Hinselmann, Schiller na sitolojia, hizo ni kolposkopi (kuangalia mlango wa kizazi kwa lenzi ya kukuza), kipimo cha iodini na papsmia (kuchukua seli na kuziangalia kwa hadubini), yani mtu kashafika hospitali kashapimwa, sasa dada wa Mbagala na simu yake atajaza nini hapo?

Mapengo mengi kwenye ile data yapo kwa sababu wanawake walikataa kujibu maswali ya siri. Na wenye VVU kwenye ile data ni wachache mno, wakati mwanamke mwenye VVU hatari yake ni kama mara 6 ya asiye na VVU. Kwa Dar hilo huwezi kuliruka.

Ninachoogopa zaidi ni dada aliyeambiwa na simu "hatari ndogo" akaacha kwenda kupima. WHO wanashauri wanawake wote wapimwe kuanzia miaka 30, wenye VVU kuanzia 25, hawachagui nani ana dalili nani hana. Kwa hiyo apu yako isimwambie mtu yeyote kuwa yuko salama, imkumbushe tu kwenda kupima. Ukitaka modeli kabisa, ongea na kliniki, omba kibali cha maadili, tabiri nani amekutwa na mabadiliko kwenye kipimo cha siki (siki inapakwa kwenye mlango wa kizazi kuona mabadiliko) halafu ana uwezekano wa kutorudi kutibiwa, ili nesi ampigie simu mapema. Hapo ukimhofia bure mtu ambaye angerudi mwenyewe, hasara ni simu moja ya ziada.