Usiache mbao za nyumba ya zamani ziende kuni

Mwaka juzi tulikua tunakarabati nyumba ya mama hapa Moshi, upande wa Pasua, na hela karibu yote ilishaishia kwenye bati. Nikasikia kuna nyumba ya zamani inabomolewa kule Shanty Town nikaenda kuchungulia, nakuta vijana wanapiga fremu kwa nyundo kubwa mbao zinapasuka zinawekwa pembeni ziuzwe kuni. Nikakwangua moja kwa kisu, jamani ni mninga! Roho iliniuma sana, maana miti kama hiyo sasaivi kuipata ni shughuli, na msitu wa mlimani kwetu uliingizwa hifadhi ya taifa tangu 2005.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, wahi kabla hawajaanza kubomoa, ongea na msimamizi, uwaongeze kidogo wang'oe taratibu kwa mtalimbo. Na akuandikie risiti kabisa, na usibebe mbao usiku, pale kwenye kizuizi cha barabarani utaanza kujieleza.

Sasa misumari. Hapa ndo nilipopata hasara, niliing'oa yote niliyoiona nikapeleka mbao kwenye mashine ya kuranda, kumbe kuna mmoja umekatikia ndani, kisu kikatoka pengo na nikalipa mimi. Siku hizi natumia sumaku ya spika mbovu, naipitisha ubao mzima polepole pande zote nne, ikivuta tu naweka alama ya chaki. Ni kazi ya kuchosha ila usiiruke.

Dumuzi nao waangalie. Ukiona vitundu vidogo na unga laini unadondoka ukigonga, huo usiuingize ndani hata kama ni mzuri vipi, wataenda kwenye kabati zako. Choma na bisibisi pia, ikizama kirahisi ubao umeoza.

Rangi za zamani nyingi zilikua na madini ya risasi, kwahiyo usipige msasa mkavu, lowanisha, vaa barakoa na watoto wakae mbali kabisa. Na vipande vya mbao za dawa, zile zenye ukijani, usipikie, moshi wake ni sumu.

Raha yake ni kwamba zilishakauka miaka na miaka. Mlango niliowahi kutengeneza kwa mbao mbichi masika ulikua haufungi, huu wa mninga masika mbili zimepita bado unafunga vilevile. Zikinyeshewa tu uzipange kivulini na vijiti katikati upepo upite, juani zitapasuka.

Ila kenchi nilinunua mbao mpya, ubao wenye matundu ya misumari sikutaka ubebe paa la mama yangu. Za zamani zikaenda kwenye milango, rafu za jikoni na meza ya kulia.