Maswali na Majibu: Volti Zipimwe Kwenye Waya

Programu inaonyesha waya wa volti 12 wa kompyuta yangu una 8.1 tu. Ninunue pawa saplai (kisanduku kinachoipa kompyuta umeme) mpya?

Usinunue. Zingekuwa kweli volti 8, mashine isingewaka, wala usingekuwa na skrini ya kusomea namba hiyo. Namba hizo hutoka kwenye kichipu cha mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na programu mara nyingi hukosea kuzikokotoa. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado watu wanatupa saplai nzima! Azima multimita (mita ya kupimia umeme), iweke DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa njano. (Kama nyaya zako zote ni nyeusi, tafuta kwanza mchoro wa plagi.) Pima mashine ikiwa imetulia, kisha ipe kazi nzito upime tena. Kipimo cha ATX (kiwango cha saplai za kompyuta za mezani) kwa waya wa njano ni volti 11.4 hadi 12.6; kwa waya mwekundu, 4.75 hadi 5.25. Mashine ya jirani yangu ilisoma 12.05 ikiwa haina kazi. Tulipoipa video ya kuchakata, ikateremka hadi 11.2, ikazima tukiitazama.

Fundi kaunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikazunguka, akasema saplai ni nzima. Kweli?

Kaonyesha kwamba inawaka. Mzigo hajaibebesha.

Nikigusa kasha napigwa shoti kidogo. Saplai inakufa?

Ethi (waya wa ardhini) haipo. Kichujio ndani ya saplai hupeleka umeme kidogo kwenye bati, nayo ethi ndiyo huuondoa. Bila ethi, bati laweza kusoma karibu volti 115, nusu ya umeme wa ukutani. Mwite fundi umeme leo hii. Na ninyi mnaochokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, acheni. Watoto wanawatazama.

Swichi nyekundu ya 115/230 nyuma ya saplai niiweke wapi?

230. Ukiiweka 115 kwa umeme wetu, utasikia mlio na kunusa moshi.

Umeme ukikatika na kurudi, mashine inajizima. Nifungue saplai nisafishe kapasita?

Usiifungue kabisa! Kapasita kubwa ya ndani huhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Vumbi lipulize kupitia matundu, saplai ikiwa imefungwa na imechomolewa. Umeme ukikatika chomoa, usubiri dakika chache utulie ukirudi. Balbu zikififia kila jioni, pima na soketi yenyewe, mita ikiwa kwenye AC: ikisoma chini ya 200, tafuta stabilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) kabla hujailaumu saplai.